Irja Keranen Hauzi Gari

Taa ya kubadilisha oili ya gari ilimwakia Irja Keranen kwenye dashibodi alipofika kona ya kanisa la Kilutheri, njano kama kiini cha yai, naye akafanya kosa moja tu: alimtajia mwanawe kwenye simu.

Rodney aliishi mbali, huko Green Bay, na tangu babake azikwe alikuwa akitafuta sababu ya kumhamisha mama yake. Sasa kaipata.

"Unaona, mama? Gari lilikuwa la baba, yeye ndiye aliyelijua. Ijumaa nakuja, kuna jamaa atalinunua. Wewe uhamie kwetu, uachane na theluji ya huko."

"Gari haliuzwi."

"Mama, hata kumwaga oili hujui!"

Hapo ndipo alipomchoma. Irja alikuwa ameendesha basi la shule katika vilima vya Hancock tangu usichana hadi kichwa kikajaa mvi, na hakuwahi kumrudisha mtoto wa mtu na mchubuko. Lakini mabasi yalikuwa na mafundi wake, na gari la nyumbani lilikuwa na Toivo, mumewe. Spana hakuwahi kuishika.

Basi akaishika. Alhamisi alinunua oili na filta, akapandisha gari kwenye vipandio vya chuma alivyoacha marehemu, akayazuia matairi ya nyuma kwa mawe, akavaa koti la Toivo la kuwindia, akajilaza chini. Darlene, jirani yake, akaja na kikombe cha kahawa, akakalia ndoo iliyopinduliwa. Darlene jicho lake moja lilikuwa linafifia, na Irja ndiye aliyekuwa akimpeleka mji wa Marquette kuchomwa sindano ili lisizimike kabisa. Watoto wa Darlene walikuwa mbali, na basi la kwenda huko halikuwapo.

"Shoga, ukifia huko chini nani atanipeleka kwa daktari?"

"Utaendesha mwenyewe."

"Basi tutakufa sote, pamoja na nusu ya mji."

Nati ya chini ya kumwagia oili iligoma. Irja aliigonga, akaipiga teke, akaitukana kwa Kifini, lugha ya mama yake, mpaka ikalegea na oili nyeusi ikamwingia kwenye mkono wa koti hadi kwapani. Filta nayo ikang'ang'ania. Akavua mkanda wake wa suruali, akaizungushia, akavuta kwa uzito wake wote. "Toka, shetani wee!" Ikatoka.

Akafunga filta mpya na nati, akalishusha gari, akamimina oili mpya, akapima kwa kijiti, ikaonekana safi kama asali. Akaingia ndani, akawasha gari. Taa ileile, pale pale.

"Labda haijapata habari," Darlene alisema.

Irja hakucheka. Kule dukani walimwambia taa haizimiki yenyewe: ubonyeze kile kitufe cha kando ya kipima mwendo, ushikilie, ufungue swichi bila kupiga stata, usubiri. Alibonyeza mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Akarudia, na tena akarudia. Mwishowe akaingia jikoni, akaketi na mikono yake michafu mapajani, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama Rodney hakuwa na haki. Wazo hilo lilimtia uchungu, na uchungu ukageuka hasira. Akaamka akaoga.

Ijumaa asubuhi Rodney alifika, akaegesha nyuma ya gari la mama yake, akaketi kwenye usukani wa watu na kufungua swichi.

"Hii hapa. Nilisema nini?"

"Fungua boneti."

"Mama, jamaa mwenyewe yuko njiani."

"Fungua boneti, Rodney!"

Akafungua. Irja akachomoa kijiti, akakipangusa, akakichovya, akamwekea puani.

"Ni mpya," Rodney alikiri. "Nani kakubadilishia?"

Irja akamwonyesha kucha zake, nyeusi bado.

"Sawa, lakini taa inasema..."

"Taa haijui oili! Inahesabu maili, basi. Haijachungulia ndani ya injini hata siku moja. Na wewe ni hivyo hivyo, kazi yako kunihesabia miaka. Lini ulifungua boneti ukaangalia?"

"Mpe, mpe!" Darlene alidakia kutoka barazani kwake, mkoba tayari begani.

Rodney akawa mwekundu mpaka masikioni. Irja akamtoa kwenye kiti, akaketi yeye. Na alipotazama tarakimu za kipima mwendo, ndipo alipoona. Zilikuwa maili zote za gari tangu litoke kiwandani, na hizo hakuna awezaye kuzifuta. Kinachofutika ni kihesabio cha safari, kile cha maili za safari moja moja. Jana kutwa alikuwa amebonyeza huku zile zisizofutika ndizo zinaonekana! Akagusa kitufe mara moja, kihesabio cha safari kikaja. Akafunga swichi, akashikilia kitufe, akafungua tena bila kupiga stata. Taa ikapepesa. Vistari vikatokea, vikaanza kupotea kimoja kimoja, halafu sifuri. Akaachia. Akapiga stata.

Giza pale palipokuwa na taa. Injini ikanguruma taratibu.

"Mama, hilo halibadilishi kitu. Majira ya baridi yanakuja..."

"Yaje. Mpigie huyo jamaa, mwambie arudi alikotoka."

"Na ikiwaka tena?"

"Nitamwaga tena. Sasa ondoa gari lako, umenizibia njia. Darlene ana daktari."

Rodney aligeuka, taya zikimcheza kama za babake alipokuwa akishindwa karata. Kisha akaenda kuondoa gari, simu sikioni, akimwomba mtu radhi kwa sauti ya chini. Darlene akapanda kando ya Irja, na walipompita Rodney hakupunga mkono.

Walipofika barabara kuu Darlene akamgeukia.

"Usukani huo utaung'oa."

"Ni hasira."

"Basi kanyaga na hasira zako, shoga. Tumechelewa."