Manung'uniko ya Kiti cha Nyuma

Tangu niuze lori langu nilikuwa mtu wa kufungua geti na kulifunga bila sababu. Mama watoto alinivumilia, kisha siku moja akiwa anachambua mchele akasema, "Baba, wewe miguu inakuwasha. Nenda kabla hujaning'olea bawaba za geti."

"Niende wapi?"

"Huko ulikokuwa unakwenda. Ila safari hii huniachi. Umenisimulia barabara zako mpaka watoto wamekua wakaoa. Nataka nikahakikishe kama ni kweli."

Nilifurahi, kisha nikaikumbuka nyonga yake. Alianguka jikoni mwaka juzi, mfupa ukaungwa kwa chuma, na tangu hapo anatembea vizuri lakini kukaa ndiyo kazi. Akipanda teksi kwenda hospitali na kurudi, kesho yake haamki. Kwa hiyo njia zilikuwa mbili tu: nipate gari la kumbeba kama yai, tuondoke wote, au nikose, nibaki na geti langu mpaka nife. Kuondoka peke yangu nilishamwahidi kwamba basi.

Kijana wetu mkubwa alishauri gari la juu, lenye matairi makubwa. Mama yake akalitazama la jirani, akauliza, "Na ngazi ya kupandia nitaazima wapi?" Magari madogo nayo yako chini mno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mama watoto hainami tena. Ndipo nikazifikiria gari kubwa za zamani, zile saluni zilizobeba wakurugenzi enzi zao. Kiti kiko usawa wa makalio, unageuka tu, unakaa. Springi laini, boneti ndefu, injini isiyo na haraka na mtu. Siku hizi wenye nazo hawazitaki tena, wanasema zinakunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka machungani, kwa hiyo hata mtu kama mimi anaweza kuiotea moja.

Dalali tuliyemwendea anaitwa Asali, na si kwamba anafuga nyuki. Yadi yake iko nyuma ya kibanda cha kuziba pancha.

"Karibu mzee wangu, karibu mama yangu," akasema. "Nina vitu hapa, ukikaa ndani unasahau hata jina lako."

"Langu nimeanza kulisahau bila gari," mama watoto akamjibu.

Saluni zilikuwa tatu. Ya kijivu sikumaliza kuizunguka. Nilibonyeza kona ya mbele, ikashuka, ikapanda, ikashuka tena, ikaendelea kutikisa kichwa kama mtu anayekubali kila anachoambiwa. Shokabzoba zimekufa.

"Hii hapana."

"Ah, mzee, umeiona mara moja hivi? Nilikuwa nimeificha."

"Hukuificha vizuri."

La pili lilikuwa gari jeusi, na niwaambie ukweli, nililipenda kabla sijalifikia. Ngozi ya viti haina mpasuko, mbao za dashibodi zinang'aa, mlango ukiufunga unatoa mlio mmoja mzito, basi, kama kifuniko cha sanduku la mahari. Injini niliisikiliza kwa sikio na kwa kiganja. Imetulia kama maji mtungini. Tukatoka kulijaribu, Asali pembeni yangu, mama watoto nyuma, maana huko anaweza kunyoosha mguu. Tulipita lami mbovu ya nyuma ya soko, tukapanda matuta ya shuleni, tukaingia barabara kuu. Gari limeshika njia kama limeshonewa. Usukani unajibu kabla hujauliza.

"Vipi huko nyuma?" nikasema.

"Pazuri sana, mume wangu. Umechagua vizuri."

"Halirukiruki?"

"Hapana, asante. Wewe endesha tu, usijali."

Asali akanigusa goti. "Mama mwenyewe kapitisha. Tunangoja nini?"

Tukarudi yadini. Nilishaiona kadi ya gari, nilishashika kalamu, wino uko njiani. Mama watoto alikuwa amesimama kando ya mlango, mkono umeshika paa, anatabasamu. "Mume wangu," akasema, "nashukuru umenifikiria."

Kalamu ikanigandia mkononi. Nyumbani mimi ni baba, na nikikosea ni wewe mzee. Hiyo ya mume wangu sijaisikia mara nyingi. Mara ya mwisho alikuwa amelala chini jikoni, mfupa umekatika. Jirani aliingia mbio, na yeye akamwambia kutoka sakafuni, "Karibu, samahani hatujafagia." Kisha akanigeukia: "Mume wangu, ukipata nafasi, nisaidie kuinuka." Ndivyo alivyo. Akiumwa anakuwa na adabu za mgeni. Akiwa mzima, kwa ulimi wake haliponi bati, haponi jirani, haponi ndugu yangu yeyote.

Nikaweka kalamu chini. "Tujaribu na lile la tatu."

"Lile?" Asali akakunja uso. Lilikuwa limeegeshwa ukutani, rangi ya chai ya jana. "Mzee, lile hata mwizi hulipita."

"Umelipenda jeusi, chukua jeusi," mama watoto akasema kwa upole. "Mimi nimeridhika."

"Ingia tu, mama. Nyoosha mguu."

Gari lenyewe lilikuwa la kuvunja moyo. Geji ya mafuta imekufa. Kioo cha kulia kinashushwa kwa kusukumwa. Usukani ukiugeuza, gari linafikiria kwanza, ndipo linakata kona. Viti ni vya kitambaa, vinene kama godoro la mgeni wa heshima. Lakini tulipofika lami mbovu, lilipita kama mama mnene sokoni asiyemkanyaga mtu. Tuta la kwanza gari lililipanda na kulishuka polepole. Nikatega sikio. Nyuma kimya. Tuta la pili.

"Baba."

"Naam."

"Hivi yale mabati ya nyuma utayapigilia lini?"

"Nitayapigilia."

"Ulisema hivyo masika iliyopita. Maji yanaingia chumba cha wageni, na mgeni mwenyewe ni yule kaka yako, mtu anakuja kusalimia na sanduku."

Asali akaniinamia, akanong'ona, "Mzee, mama kakasirika. Turudi kwenye jeusi haraka."

"Na wewe kijana unanong'ona nini," sauti ikatoka nyuma, "mtu mzima shati halina kifungo, unauza magari huna uzi?"

Asali akalishika shati lake kifuani. Mimi nikaongeza mwendo, nikalipanda tuta la tatu makusudi, bila kulistahi.

"Tena huyo kaka yako," akaendelea, hakumeza hata herufi, "ile tochi aliyoazima..."

"Nalichukua hili," nikasema.

"Hili?" wakauliza wote wawili.

Alininunia mpaka nyumbani, na kununa kwake ni kwa maneno. Kwamba rangi ni ya aibu. Kwamba majirani watadhani tumefilisika. Kwamba nina macho ya lori, sijui kizuri. Niliendesha kwa raha ambayo siwezi kuieleza.

Tuliondoka wiki iliyofuata, vikapu kwenye buti, mto mmoja wa akiba ambao hakuutumia. Barabara zangu zilikuwa palepale. "Huu ndio mlima uliosema unagusa mawingu?" akauliza. "Baba, hiki ni kichuguu." Daraja nililomsimulia kwa miaka aliliona fupi. Mto unaopita chini yake akauona wa kufulia soksi.

"Hebu niambie," akasema, "kwa nini ulikataa lile jeusi, na nilikuambia ni zuri?"

"Lilikuwa linakunywa mafuta."

"Na hili linakunywa maziwa?"

Nikimwambia ukweli, kesho atajilazimisha kunisema huku anaumia, ili nisijue. Geji ya mafuta ilishakufa. Hii iliyobaki, ya kiti cha nyuma, siwezi kuichezea.

Jua lilipopita utosini, akanyamaza. Tukaenda, tukaenda. Kisha akasema, "Mume wangu, huku ni kuzuri kweli. Asante kwa kunileta."

Nilishawasha indiketa kabla hajamaliza. Nikatoka barabarani, nikasimama kwenye kivuli cha ghala moja lililofungwa.

"Mbona umesimama?"

"Nimechoka."

"Wewe? Si uliniambia ulikuwa unaendesha kutwa bila kushuka?"

"Umri, mama."

Nikamfungulia mlango, nikampa mkono. Akageuka, akatanguliza mguu, akasimama. Alilizunguka gari taratibu, kiganja kimeegemea boneti, kisha buti, kisha boneti tena. Mimi nilijifanya nakagua tairi. Aliporudi mara ya pili alikuwa hashiki kitu.

"Kweli umezeeka," akasema. "Tazama ulivyoegesha, nusu ya makalio ya gari iko barabarani. Ndivyo ulivyokuwa unaegesha lori la watu?"

"Ndivyo," nikasema, nikamfungulia tena mlango wa nyuma.