Plasta Juu ya Taa Nyekundu

Hotelini walimbandika jina la Madoa, nalo likamfuata hadi nyumbani. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mhudumu wa vyumba, na doa halikuthubutu kukaa mbele ya macho yake. Msimamizi wake wa kwanza alimfundisha jambo moja tu: mgeni huona kioo, bomba na shuka, basi ving'ae, asichokiona mgeni kisikupotezee muda. Madoa alilishika somo hilo mpaka akastaafu nalo.

Mumewe, seremala, alipopata saratani ya koo, dawa zilimchubua kinywa chote. Hata maji alikuwa akiyanywa huku machozi yakimtoka. Kitu pekee alichokubali bila kukunja uso kilikuwa barafu, tena ndogo, ya kumung'unya polepole. Friji yao kuukuu ilichukua nusu siku kugandisha sahani moja. Madoa akapiga moyo konde, akaenda dukani kutafuta mashine ya kutengeneza barafu.

Muuzaji alimwonyesha mbili, zote zikifanya kazi. Moja ilitoa vipande vikubwa vya mraba, vyeupe pe, na Madoa akavitamani kwa kuwa alipenda kila king'aacho. Hata hivyo aliomba kipande cha kila mashine, akakiweka ulimini, akafumba macho.

"Hicho kinakwaruza," akasema. "Nipe hii ya vipande laini. Mgonjwa wangu kinywa kimekuwa kidonda kitupu."

"Sawa, mama. Ila ujue hii si friza. Barafu isipotumika inayeyuka, maji yanarudi kwenye tangi, yanagandishwa tena. Sasa taa nyekundu ikiwaka..."

"Kumbe hakipotei kitu!" Madoa akamkatiza, furaha imemjaa. Muuzaji akacheka, akaanza kufunga boksi.

Mashine ikawekwa kwenye meza ambayo seremala aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, karibu na kitanda. Kila asubuhi Madoa aliipangusa mpaka ukaweza kujitazama ubavuni mwake na kuchana nywele. Kikapu na kijiko alivisuuza kwa maji ya moto. Tangi lilipopungua aliongeza maji aliyoyachemsha. Sijui mke gani angefanya zaidi, na hapo ndipo roho inaponiuma ninaposimulia.

Wageni walipokuja kumjulia hali, seremala alijisifu kwa sauti iliyobaki. "Hospitali gani ina usafi huu? Mniache hapahapa na bibie."

Wiki ya tatu taa nyekundu ikaanza kuwakawaka.

"Mama, hii mashine inanikonyeza," mume akasema. "Nami hali yangu unaiona."

Wakacheka mpaka akapaliwa. Madoa akakata kipande cha plasta, akakibandika juu ya taa, kingo zikalala sawasawa. Mwezi wa pili ulipokuwa ukiisha, seremala akashikwa na homa, akaanza kuhema kwa shida, wakamkimbiza hospitali.

Daktari alimwita Madoa koridoni. Alisema mapafu yameshambuliwa, na kwamba dawa za saratani zimemwacha mgonjwa bila kinga. Kisha akauliza anakula nini. Madoa akamweleza habari za barafu.

"Mashine mnaiosha?"

"Kila siku ya Mungu, daktari."

"Na tangi, kwa ndani?"

Madoa akaushika mkoba wake, akatoka.

Alirudi nyumbani, akang'oa plasta. Taa ilikuwa bado inawakawaka, ikidai tangi lioshwe. Akaingiza mkono ndani ya tangi, chini kabisa, penye kona. Vidole vikagusa utelezi. Akavitoa na kuvitazama: ute wa rangi ya waridi, mzito, miezi miwili ya maji yanayozunguka. Akakaa sakafuni, akalia kwa kwikwi.

Halafu akajikaza. Akaisugua mashine kwa siki, akaisuuza mara tatu, akamwaga barafu ya kwanza na ya pili. Ya tatu akaitia kwenye chupa ya chai, akaondoka. Mgonjwa alikuwa ameikataa barafu ya hospitali tangu asubuhi, akisema haamini mikono ya watu.

Madoa akamwekea kipande kinywani. Seremala akamung'unya, akasita.

"Mbona leo ina siki?"

"Nimeosha tangi."

"Kwani siku zote..."

"Sikuwahi kuliosha, baba. Hata siku moja. Nilikuwa naosha nje."

Akamtazama mkewe, pumzi ikikwaruza kifuani. Madoa alisubiri atukanwe, alitamani atukanwe. Muuguzi akapita, akauliza kama wanahitaji chochote, na seremala akatikisa kichwa.

"Usiwaambie watu," akanong'ona. "Nimekusifia sana."

Akafungua kinywa, akamngoja aweke kipande kingine. Alifariki keshokutwa yake, na msibani kila aliyeshika mkono wa Madoa alimwambia kwamba marehemu alibahatika, alitunzwa kwa usafi usio na mfano.