Jina la Kufungia Mlango

Stamatia alikuwa msichana wa tano kuzaliwa nyumbani kwao. Baba yake alipoambiwa kwamba ni msichana tena, alivua kofia, akaibwaga chini uani, akasema, "Basi! Simama hapo hapo!" Jina likapatikana kabla mtoto hajaoshwa, kwa kuwa maana ya Stamatia ndiyo hiyo: simama, imetosha, asije mwingine. Kisiwani Chios wasichana tele walipewa jina hilo kwa sababu hiyo hiyo. Kila binti alitakiwa aolewe akiwa na nyumba yake, mashuka yake na masufuria yake, na baba mwenye mabinti watano hakujua usingizi unafanana na nini.

Safari iliyofuata akazaliwa mvulana. Kijiji kizima kikasema, mmeona? Jina limefanya kazi! Kwamba baada ya mvulana walikuja mapacha, wasichana wote wawili, hilo halikusimuliwa sana. Mapacha waliolewa Piraeus, wakasahaulika huko. Sifa ya jina ikabaki.

Enzi hizo kijijini kulikuwa na Stamatia wa Mwokaji, Stamatia Mrefu, Stamatia wa Mbuzi, Stamatia Kengeza na wengine wengi. Mama mmoja akiita kisimani, ndoo zote zilimwagika kwa jinsi walivyogeuka kwa pamoja. Na Februari, sikukuu ya Mtakatifu Stamatios, ilikuwa kichekesho. Siku ya jina lako unakaa nyumbani na sinia la vitu vitamu, unangoja watu waje kukupongeza. Sasa kila nyumba ina Stamatia wake aliyejipamba, amekaa na sinia, anangoja. Nani atamtembelea nani? Jioni walikula vitamu vyao wenyewe, wakavimbiwa.

Lakini miaka imekwenda. Stamatia wa Mwokaji alihamia Melbourne akajiita Tia. Stamatia Mrefu alikwenda Athene akawa Matina. Wengine Mungu aliwachukua, na huyu wetu akawa anawawashia mishumaa kila Jumapili, mmoja mmoja, akiwataja. Ilikuwa kama kujiombea mwenyewe. Alikuwa amebaki peke yake. Akisikia "Stamatia!" mtaani, hana haja ya kujiuliza. Ni yeye tu.

Ndiyo maana alililia jina hilo liingie kwa mjukuu. Mwanawe Pantelis na mkewe Marouso walipopata binti wa kwanza, mtoto alichukua jina la bibi mzaa mama, Poliksene, kama ilivyo desturi yao. Wa pili ilikuwa zamu ya Stamatia, lakini mtoto aliugua, wakamwekea nadhiri Mtakatifu Markella, akapona, akaitwa Markella. Stamatia hakunung'unika. Nani ashindane na mtakatifu? Akazaliwa wa tatu, msichana. Mwaka mzima aliitwa Mtoto tu, kwa kuwa kabla ya maji ya ubatizo hakuna jina. Pantelis akamjia mama yake akacheka, "Mama, jiandae. Safari hii ni wewe." Stamatia akalia mpaka leso ikalowa.

Jumamosi, kesho yake ubatizo, alikuwa jikoni akifungia wali kwenye majani ya mzabibu. Dirisha lilikuwa wazi. Uani Pantelis alikuwa akinywa kahawa na rafiki yake Stratis.

"Kwa hiyo ni Stamatia?" Stratis aliuliza.

"Stamatia, ndugu yangu. Tufunge mlango huo! Wasichana watatu! Nikienda bafuni nakuta foleni kama ya mamlaka ya kodi. Jina lilifanya kazi yake kwa babu, na sasa lifanye kwangu. Wa nne awe dume."

"Na likikataa?"

"Halijawahi kukataa."

Jani likachanika mkononi mwa Stamatia. Akaketi. Maisha yake yote alikuwa amelibeba jina lile, akalizoea, akalipenda kama mtu anavyopenda pua yake. Lakini kumvika mtoto, mtoto mwenye vishimo mashavuni, ili awe komeo la mlango! Aambiwe toka utotoni, wewe tulikuita ili wenzako wasije. Hapana. Bora jina life naye, aende nalo kaburini kwa mumewe, akalale. Akafunga leso, akatoka.

Mama wa ubatizo alikuwa Kalliroi, mwenye tanuri la mkate, mwanamke wa kifua kikubwa na kicheko kikubwa kuliko kifua. Wazazi husema wanataka jina gani, lakini mbele ya birika la ubatizo mwenye kulitamka ni mama wa ubatizo, na akishalitamka, limekwisha. Hata askofu halitoi.

"Kalliroi, mwanangu, kesho usimwite Stamatia."

Kalliroi aliacha unga. "Nimwite nani?"

"Zoi. Uhai. Mwite Zoi."

"Yesu na Maria! Leo nimekuwa ofisi ya serikali." Kalliroi alijipangusa mikono kwenye aproni. "Asubuhi amekuja mwanao. Mchana amekuja mkweo. Sasa wewe. Jioni nafikiri atakuja Mtoto mwenyewe na mzigo wa nepi."

"Marouso amekuja? Amesema nini?"

Kalliroi akachukua kipande cha mkate, akakitia chote mdomoni, akatafuna, akimtazama kwa macho yanayocheka. Ndilo jibu alilotoa.

Stamatia alirudi nyumbani akasali hadi magoti yakauma. Alijua mkwewe amekwenda kukataa. Mwanamke gani anataka mlango wake ufungwe? Basi wako wawili dhidi ya mmoja. Mtoto atapona. Akamshukuru Mungu, na moyo ukamwuma kidogo kwa kushukuru.

Jumapili kanisa lilijaa. Marouso alibaki nje uani, kama akina mama wa zamani walivyofanya, hadi aletewe jina la mwanawe. Watoto wa kijiji walijibanza mlangoni na viatu vimefungwa vizuri, maana wa kwanza kumfikishia mama jina hupata zawadi. Pantelis alisimama mbele, ndevu zimechongwa, amejaa tabasamu. Mtoto alikuwa uchi mikononi mwa Kalliroi, anateleza kwa mafuta, analia kama anachinjwa.

"Jina?" aliuliza Padre Isidoros.

Kalliroi akamtazama Mtoto. Akamtazama Stamatia pale alipokuwa, karibu na ikoni ya Bikira. Akakonyeza jicho, ndani ya kanisa!

"Stamatia!" akatamka kwa sauti ile ile anayouzia mkate.

"Abatizwa mtumishi wa Mungu Stamatia," Padre akaimba, na Mtoto akazama majini, akaibuka, akazama. Watoto wakalipuka mlangoni kama njiwa. Stamatia alifanya ishara ya msalaba, akamwomba Mungu amsamehe kwa kutoka kabla ibada haijakwisha, akatoka mbio nyuma yao. Alitaka kumwangukia mkwewe.

Alimkuta Marouso anarukaruka. Kweli anarukaruka, mama wa watoto watatu, viatu vya visigino mkononi, anawamwagia watoto lozi za sukari na sarafu, kila mmoja akipiga kelele kwamba ndiye aliyefika wa kwanza.

"Nisamehe, mwanangu," Stamatia alihema. "Nilimwambia Kalliroi asilitaje. Nilimwambia!"

"Najua! Ameniambia. Ametucheka wote." Marouso akamkumbatia kwa nguvu hadi leso ikamshuka. "Mama, mimi ndiye niliyeliomba."

"Wewe? Ili wasichana wakome?"

"Wakome! Mama, mimi nimekulia peke yangu, nikizungumza na paka. Ulipokuja kunilea mwezi ule maziwa yaliponikauka, ulinisimulia nini usiku na mchana? Loukia na Argiro! Mapacha walivyokuwa wakikufuata, mlivyolala kitanda kimoja, mlivyokatana nywele. Nikajiambia, kumbe baada ya Stamatia walikuja wasichana wawili kwa mpigo. Hilo ndilo jina ninalolitaka!"

 Kicheko kikamtoka Stamatia, kicheko cha msichana, akajishikilia kwenye ukuta wa kanisa.

Hapo Pantelis akatokea na kitoto kilichovikwa nyeupe, kimenyamaza sasa, kinanukia mafuta matakatifu. "Tumefunga mlango!" akatangaza.

"Umechelewa, mume wangu," Marouso alisema, akaweka mkono tumboni. "Kuna mtu alishapita. Na kwa kichefuchefu hiki, huenda wamepita wawili."

Pantelis alitazama tumbo, akamtazama mama yake, akatazama mbinguni. Akakaa kwenye ngazi za kanisa taratibu, mtoto mapajani, suti mpya kwenye vumbi. Stratis akamletea maji. "Mwombe Mungu foleni iwe ya kistaarabu," akamwambia, na watu wote uani wakaangua kicheko. Mwishowe na Pantelis mwenyewe akacheka, machozi yakimtoka, na hakuna aliyemwuliza ni machozi ya nini.

Wakala mbuzi wa tanuri, majani ya mzabibu, mvinyo. Vinanda vilianza, Padre Isidoros akacheza na Kalliroi. Stamatia alikuwa meza ya mwisho, anamegea Markella nyama, mtu alipopaza sauti kutoka upande wa pili:

"Stamatia! Hebu acha!"

Akasimama papo hapo, kijiko mkononi. "Nakuja! Nimefanya nini?"

"Si wewe, mama!" Kalliroi alifoka huku akicheka. "Ni huyu! Ametia mkono wote kwenye bakuli la mtindi!"

Stamatia akaketi. Akanyoosha sketi yake, akakaa wima, akangoja waite tena.