Marehemu Ndani ya Gunia la Mchele

Marta wa Bujonde alipima kilo ishirini za mchele, akampisha marehemu mumewe, Aliko, aingie kwenye gunia, kisha akalishona mdomo. Popote mchele wa shamba lake ulipokwenda, Aliko alikwenda nao.

Binti yao Doreen alikuwa Dar es Salaam, siku nne kabla ya kujifungua kwa upasuaji. Alimtumia mama yake tiketi ya ndege kwa sababu mabasi yalikuwa yanaua mno. Marta aliyaogopa kuliko hata binti yake.

Uwanja wa ndege, mashine ya kukagua mizigo ilimwonyesha Aliko amekunja magoti, kofia mkononi. Mdomo wake ulikuwa unakwenda, lakini mchele haupitishi sauti.

"Shikamoo mama. Huyu mzee tiketi yake iko wapi?" askari aliuliza.

"Marahaba. Huyo ni marehemu, mwanangu."

"Wote mnasema hivyo. Mwache hapa, au mkapande basi."

Tangu mashine ile iwekwe, watu wengi wa kwao Kyela walikuwa wamerudia mabasi. Marta alitazama sakafu ile ya vigae, akamwonea mumewe huruma kuachwa ugenini. Akajitwisha gunia.

Basi lilijaa, maana kila abiria alikuwa na marehemu wake kwenye mizigo. Kiti cha nyuma walikaa marehemu wa ajali ya wiki iliyopita, tiketi za ndege zingali mifukoni. Mmoja wao, Elizabeth wa Busale, alimsogezea Marta nafasi.

"Kaa huku huku, mama. Usije ukasumbuka kuhama."

"Ndaga," alishukuru Marta, akaketi. Breki zilikatika mteremkoni, saa saba mchana.

Gunia halikuchanika. Doreen alilipokea siku aliyojifungua, na hakuwa na moyo wa kupika mchele ule. Arobaini ya mama yake ilipokaribia, alikata tiketi ya ndege ili aurudishe nyumbani.

Gunia likapita kwenye mashine. Ndani, Marta alimshika Aliko mkono.

"Dada, humu wamo wawili," ilisema sauti ya askari. "Waache, au upande basi."

"Tuache, mwanangu!" Marta alipiga kelele. "Doreen, tuache!"

Mchele uliimeza sauti yote. Ndipo alipojua Aliko alikuwa akisema nini siku ile.

Gunia likainuliwa. Juu yake mtoto alipiga chafya mgongoni mwa mama yake, na Doreen akauliza stendi ya mabasi iko upande gani.