Kesi Niliyoisikiliza Dirishani

Umewahi kusikiliza kesi yako mwenyewe ukiwa nje, chini ya dirisha la mahakama? Mimi niliisikiliza hivyo tangu ilipofunguliwa Arua. Wenzangu wa kijijini kwetu Dranya waliingia ndani, mimi nikabaki kwenye ukuta mfupi, kitenge magotini, sikio juu. Nilikaa, nikainuka kukung'uta vumbi, nikakaa tena.

Sababu ni Wani. Amemwoa binti yangu Yugu, na kwetu mama mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni. Akija kwangu, mimi hutokea mlango wa nyuma. Na huyo huyo Wani ndiye tuliyemchagua asimame mahakamani kwa niaba yetu sote.

Kampuni ya mawe ilikuja kupasua kilima nyuma ya nyumba zetu. Baruti ikilipuka, vikombe vilicheza kabatini na kuta zilipasuka. Vifusi walivimwaga upande wangu, vikafunika kaburi la mume wangu Lokule, pamoja na ile nafasi kando yake niliyojiwekea mwenyewe. Nilikuwa naifagia kila asubuhi, nikimaliza kufagia kwake.

Wakili wetu, Hadijah, binti wa Arua mwenye sauti ndogo, alisema tusishtaki kila mtu kivyake. Aliomba mahakama iruhusu mmoja awasimamie wengi, ruhusa ikatoka, ikatangazwa redioni: mwenye nyumba iliyopasuka ajiunge, asiyetaka aseme. Wani akapita nyumba kwa nyumba kuuliza kila mtu anadai nini. Kwangu akamtuma jirani yangu Monique, yule Mkongo anayeuza vitenge sokoni Koboko.

Nikamwambia Monique aandike ufa wa ukuta wa jikoni. Ningesema nini kingine? Kwamba nataka kulala na mume wangu? Maneno kama hayo hayapelekwi kwa mkwe, hata kama kitanda chenyewe ni udongo.

Monique alinitazama sana. "Ufa tu? Mama, mutu anaweza kushitaki kampuni mzima juu ya ufa ya jikoni, na anatoka machozi?"

Nikamwambia ni moshi.

Kampuni ikajibu kwamba nyumba zetu zilikuwa mbovu tangu zamani. Halafu ikawa kuahirishwa: mara jaji mgonjwa, mara wakili wao yuko Kampala. Siku moja mahakama nzima ikaja Dranya kutazama nyufa. Jaji alivaa buti za mpira, Wani akiwa mbele anawaonyesha njia, kwa hiyo mimi nikajifungia jikoni. Nikawasikia wakipanda juu ya vifusi, mawe yakiteleza chini ya miguu yao. Mmoja akacheka. Walikuwa juu ya Lokule, nami nimeshika kitasa cha mlango, nakizungusha, nakiacha.

Mwishowe wakapatana. Kampuni italipa kila nyumba kulingana na ufa wake. Hadijah alitukusanya akatueleza: jaji akikubali, mapatano yanapigwa muhuri, fedha zinaingia akaunti ya mawakili, wao wanakata sehemu yao, nyingine inakuja kwa kila mtu. Baada ya hapo hakuna atakayeweza kudai tena kwa jambo hilo, milele. Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi lile neno la mwisho lilinikaa mwilini kama upupu.

Siku ya muhuri jaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Niliinuka, nikakaa, nikainuka. Kisha nikapitisha mkono katikati ya nondo za dirisha, nikauacha juu.

Jirani yetu Obitre alikuwa ameketi pale pale kwa ndani. Akaninong'oneza, "Mama, shusha mkono. Mimi nimeshachukua mabati kwa deni." Sikushusha. Alijaribu kuusukuma nje taratibu, kama mtu anayefukuza kuku, hadi karani akaona.

Jaji akaamuru niingie. Wani akanyanyuka atoke. Jaji akamwambia akae, yeye ndiye msimamizi wa wote. Basi Wani akageuza kiti chake, akatazama ukuta. Jaji akauliza kama hiyo ni dharau kwa mahakama, na Hadijah akamweleza mila yetu. Jaji akakuna kidevu, akasema haya, na akae hivyo hivyo.

Nikafunika kichwa kwa kitenge, nikaingia. Wengine walinikazia macho, maana nilikuwa nachelewesha mabati yao. Shati la Wani lilikuwa limelowa mgongoni.

"Mama, fedha haitoshi?" jaji akauliza.

"Fedha iko sawa, Mheshimiwa." Nikavuta kitenge hadi usoni. Wani akainamisha kichwa, akaziba masikio kwa mikono yake miwili, na hapo ulimi wangu ukafunguka.

"Nataka waondoe mawe yao juu ya mume wangu," nikasema. "Nataka nikifa, nilale ubavuni mwake."