Hapachomwi Kitu Mpaka Watu Wakae

Wenye watoto wanaoendesha magari ya zamani, nawaandikia nyinyi. Fundi akikuambia ekseli ya nyuma inaweza kuchomelewa gari likiwa limeinuliwa, magurudumu yananing'inia, mwambie hapana. Akikucheka, mwache acheke.

Gari letu ni Chevrolet ya mwaka hamsini na mbili, na ndilo linalotulisha hapa Santiago, mimi na binti yangu Damaris. Analiendesha kwa abiria, kutoka mtaani kwetu mpaka bandarini, watu wanane kwa safari moja. Mwaka jana, mwezi wa saba, difu yake ya asili, ile gia ya katikati ya ekseli ya nyuma, iliisha meno kabisa. Damaris akapata ekseli nzima ya Volga, gari la Kirusi, kwa mtu mmoja wa mji wa Palma. Lakini ekseli ya gari jingine haiingii tu ikakaa. Kuna vikalio viwili vya chuma vinavyoshika springi, navyo lazima vikatwe na kuchomelewa upya, kwa pembe itakayoifanya pua ya difu itazamane sawasawa na propela, ule mhimili unaoleta nguvu ya injini nyuma. Pembe ikienda upande, propela hutetemeka. Ikitetemeka siku kadhaa, hukatika.

Hayo siyasemi kwa kusikia. Kaka yangu Wilfredo alibadilisha ekseli wiki ya kanivali, mimi nina miaka kumi na tisa. Mtaani kwetu kabla ya kuchomelea gari hushushwa chini, majirani wakaingia mpaka likajaa kama siku ya kazi, ndipo pembe inapimwa, kwa sababu springi zikibeba watu ekseli hukaa vingine. Lakini wiki ile majirani wote walikuwa barabarani wakifuata ngoma, na Wilfredo hakutaka kuwangoja. Akachomelea gari likiwa hewani. Siku ya tano, tukiteremka barabara ya Trocha, propela ilikatika ikapiga bomba la breki. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Nilimwona anakanyaga pedali, inazama mpaka chini, anakanyaga tena, mpaka tukaugonga ukuta wa upande wa kulia. Tulimzika Jumapili. Goti langu la kushoto halikunjiki mpaka leo.

Basi mwaka jana ilikuwa kanivali tena, na fundi wetu ni Evelio, mtu wa mikono mizuri na mdomo mkubwa. Nilitoka jikoni nikakuta gari liko juu ya stendi uani. Evelio ameshatia madoa manne ya kushikiza vile vikalio, ameshika barakoa, yuko tayari kuchoma moja kwa moja.

"Evelio, watu wako wapi?"

"Watu gani, Mama Eneida?"

"Wa kukaa."

Akacheka. "Hayo ya zamani, mama. Mimi nina pima maji. Halafu nani aache ngoma aje kukaa kwenye gari lililosimama?"

"Mama," Damaris akadakia, "kanivali inaanza kesho. Wiki hii moja ni sawa na miezi miwili ya abiria. Nenda, wali wako unaungua."

"Uungue."

Nikasogeza ndoo, nikaikanyaga, nikajivuta na goti langu mpaka kwenye kiti cha dereva. Nikafunga mlango.

"Shuka, mama. Sichomi mtu akiwa juu."

"Ndiyo maana nimepanda."

Evelio akamgeukia Damaris. "Huyu mama yako kasoma mpaka darasa la ngapi?"

"La sita," nikamjibu mwenyewe. "Kuhesabu watu wanane nilifundishwa la kwanza."

Betri hawakuwa wameichomoa, nalo ni kosa jingine, maana nyaya za betri hutolewa kabla ya kuchomelea. Safari hii kosa hilo lilinifaa. Nikaegemeza kiwiko kwenye honi nikakiacha hapohapo.

Wa kwanza kufika alikuwa Caruca wa nyumba ya pili, vibanio bado viko kichwani. "Eneida, nani kafa?"

"Hajafa mtu bado. Subiri uingie."

Wakaja wengine, wenye kutukana na wenye kucheka. Akaja Nicomedes na ngoma yake kubwa begani, na nyuma yake nusu ya wacheza ngoma, wamekasirika kwamba honi yangu imewaharibia mapigo. Damaris alikuwa amejiziba masikio. Mwishowe yeye ndiye aliyeleta jeki, akatoa stendi moja moja, gari likakaa chini kwa magurudumu yake. Nikaachia honi, nikashuka, nikaanza kuwapanga: watatu mbele, watano nyuma.

"Na ngoma?" Nicomedes akauliza.

"Nayo ina uzito. Ipakate."

Evelio akaingia chini ya gari na pima maji yake. Kisha sauti ikatoka huko chini: "Pima maji hii imekufa."

"Ilikuwa nzima kabla hatujaingia," Caruca akasema dirishani. "Tumeiua kwa kukaa?"

Damaris akalala chali, akajisogeza kando yake. Niliona miguu yao minne tu. Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na hakunitazama. Kiputo cha pima maji kilikuwa kimekimbilia ukingoni kabisa; pembe ya Evelio ilikuwa imepotoka. Akachukua mashine ya kukatia, akampa Evelio.

"Kata."

"Damaris, kukata ni kuanza upya. Kesho hutatoka."

"Kata, Evelio."

Akakata madoa yote manne. Akatia mapya watu wakiwa wamekaa ndani, wanatoka jasho na kupigiana kelele wakigombea dirisha, huku Nicomedes akilipiga paa kwa vidole. Betri nilikuwa nimeshaichomoa mimi. Baadaye wote wakashuka, gari likainuliwa, akachoma kamili. Wali uliungua kweli. Waliula hivyohivyo, na Caruca akagombania ukoko.

Siku ya kwanza ya kanivali ilitupita. Ya pili pia, kwa sababu propela ilibidi ipunguzwe urefu. Damaris hakusema nami siku zote mbili. Nilipika, nikamwekea sahani. Sikuomba radhi na siombi.

Siku ya tatu nikamwona ameacha kiti cha mbele wazi, abiria wamejaa nyuma, anangoja. Nikaingia. Tukashuka Trocha, ukuta ule ule upande wa kulia, nami nakanyaga sakafu kwa mguu wangu mzima. Gari halikutetemeka hata kidogo.

"Mama," akasema, macho barabarani, "toa mguu. Breki iko upande wangu."

Sikuutoa mpaka tulipofika chini.

Kwa hiyo mama mwenzangu, watakuambia hujui magari. Mimi pia sijui. Panda, funga mlango, bonyeza honi mpaka mtaa mzima uje ukutukane. Wakishafika, wapange.