Neno Nililomwambia Rova

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, mwaka wa 1967, saa saba mchana, mbwa wangu Rova alipigwa risasi kwenye dipu ya kuogeshea ng'ombe karibu na Kiganjo, chifu akiangalia. Naandika mimi Wamae, niliyeishia darasa la pili, kwa sababu wenye kalamu nzuri hawakuandika kitu.

Rova alikuwa pointa, mweupe wa madoa ya kahawia, mbwa wa kuwindia ndege. Mzungu niliyekuwa nikimbebea ndege aliowapiga aliporudi kwao mwaka wa sitini na nne, aliniachia mbwa, bunduki akaenda nayo. Basi mimi na mke wangu Wachuka tukatumia wavu. Rova akinusa kwale kwenye nyasi, alisimama kimya, mguu mmoja juu, mkia umenyooka kama fito. Sisi tunatandaza wavu mbele yake polepole. Kisha Wachuka anasema, "Haya!" Rova anaruka, kwale wanaruka, wavu unawanasa. Bila hilo neno hasogei, hata umsukume. Kwale tuliwapeleka jikoni kwa hoteli moja Nyeri, na hao ndio waliomvalisha binti yetu Wakonyo sare ya shule.

Wachuka alikufa mwaka uliofuata, damu ikimtoka, na gari la zahanati lilikuwa limewapeleka wakubwa mkutanoni. Tangu hapo Wakonyo alilala ameshika sikio la Rova. Nilimwacha. Ningemwambia nini?

Halafu ikaja amri: kuna kichaa cha mbwa, kila mbwa aletwe dipu saa mbili asubuhi apigwe sindano. Atakayeonekana mgonjwa, risasi. Sisi tulifika saa moja. Saa mbili ofisa wa mifugo hakuonekana, wala saa nne. Jua likachoma, mbwa wakatoa ndimi, mate yakadondoka. Chifu alikuwa kivulini na chai yake.

Saa saba hivi upepo ukageuka. Rova akakauka papo hapo, mguu juu, macho kwenye nyasi nyuma ya dipu.

Jirani yetu, Mama Watiri, akaangua kicheko. "Baba Wakonyo, mbwa yako ameinua mguu kama chifu akipigwa picha!"

Mstari mzima ukacheka. Chifu hakucheka. Akaweka kikombe chini, akaja.

"Mbona haisongi? Na hayo mate?"

"Iko na kichaa!" mtu akapiga kelele. Mstari ukavunjika, kila mtu akivuta mbwa wake. Gicheru, askari wa chifu, akashusha bunduki begani.

"Ni kazi yake, mzee," nikamwambia chifu. "Amenusa kwale."

"Kwale gani? Mimi naona mate. Wewe msichana, achilia hiyo kamba!"

Wakonyo alikuwa ameishika kwa mikono miwili. "Si mgonjwa! Mama ndiye alimzoesha hivyo!"

Chifu mwenyewe akamvuta kando. Rova hakugeuka hata kuangalia.

"Tungoje ofisa, mzee. Tafadhali."

"Tungoje aume watu? Utajibu wewe?" Akamwinulia Gicheru kidole ajiweke tayari.

Nikasema moyoni, nitawaonyesha. Kwale wakiruka, kila mtu ataona, mambo yaishe. Nikapaza sauti: "Haya!"

Rova akaruka. Kwale watatu wakapaa juu ya dipu, mabawa yakivuma. Lakini Gicheru alikuwa amesogea upande wa nyasi apate shabaha. Aliona mbwa anamjia mbio, akafyatua.

"Mmeona?" chifu akasema. "Amemrukia askari wangu."

"Na ndege je?" Mama Watiri akauliza. "Chifu, tumeona ndege."

"Rudini kwa mstari."

Ofisa alifika saa tisa, na sindano za kutosha.

Nimekwenda ofisini kwa D.O., mkubwa wa chifu, mara nne. Karani ananiambia faili haipo, nirudi mwezi ujao. Sitachoka kusema ni wao waliomuua. Saa mbili ingekuwa saa mbili, Rova angekuwa mlangoni sasa hivi. Mama Watiri anakubali, na mtaa wote unakubali.

Wakonyo hakuwahi kuitaja siku ile, mpaka juzi tukimenya viazi. Hakuniangalia.

"Baba, kama ungenyamaza, Gicheru angempiga mbwa aliyesimama tu?"